Maji ya Moto ya Azumi

Mke mwenzangu Azumi siku hizi ana swali moja tu. Mwanamke yeyote aliyejifungua akipita ukumbini kwetu, awe mwali wa juzi au mama wa watoto tisa, Azumi humdaka mkono. "Unalala chali?" Hampi hongera, haulizi mtoto ni wa kike au wa kiume. "Ukilala, unalala chali, au unakaa kitako ukiegemea ukuta?" Wasichana wanacheka, wanasema bibi wa watu kichwa kimeruka. Mwaka jana mmoja alijibu kwamba anaegemea ukuta, na Azumi hakungoja hata kuvaa viatu. Alimkokota peku mpaka hospitali, mume wa watu anapiga kelele nyuma.

Kichwa chake kizima kabisa. Mimi Delu nimekaa naye ua mmoja, hapa ndani ya ukuta wa mji wa Zaria, miaka ishirini na miwili, na katika hiyo tumegombana ishirini, kwa hiyo msidhani namtetea kwa mapenzi. Nasema kwa sababu kunyamaza nimeshanyamaza mara moja, na faida yake nikaiona.

Azumi alikuwa mwogeshaji wa wazazi. Kwetu mwanamke akijifungua huogeshwa maji ya moto asubuhi na jioni kwa siku arubaini, na simaanishi maji ya vuguvugu ya kumpendezea bwana harusi. Yanatokota. Unachovya tawi la mwarobaini kwenye chungu, unampiga nalo mzazi mgongoni, tumboni, mapajani, mpaka ngozi inang'aa. Halafu analazwa juu ya kitanda cha udongo chenye makaa chini yake, na anakunywa uji wa uwele uliotiwa magadi mpaka ulimi unawasha. Yote hayo ni kuikimbiza baridi. Baridi ikimwingia mzazi humvimbisha, kisha humuua. Hilo kila mtu hapa alilijua kabla hajajua kuhesabu vidole.

Azumi alilijua kuliko sisi sote. Alikuwa na miaka minane mama yake alipokufa akiwa mzazi, amevimba miguu na uso, na watu wakasema mwogeshaji wake alikuwa mvivu wa kuni. Neno lile halikumtoka. Alipokua akashika tawi mwenyewe, na kwa miaka thelathini hakuna mwogeshaji mjini aliyemfikia kwa moto. Alikuwa na makovu ya maji mpaka viwikoni. Mzazi akilia, yeye anacheka: "Lia, mama, lia. Maiti ndiye halii!" Alijigamba kwamba hajapoteza hata mmoja mikononi mwake. Waliovimba na kurudishwa kwa waume zao wakafie huko, hao hakuwahesabu.

Sasa Luba. Jina lake kamili Lubabatu, na kila mtu alimwita Luba isipokuwa Azumi, mama aliyemzaa. Mtoto wa kwanza kwetu mama hamtaji jina. Hambebi mbele za watu, hamfuti machozi, akianguka anatazama pembeni. Ukimdekeza mtoto wako wa kwanza watasema huna haya, na Azumi alikuwa na haya za kugawia mtaa mzima. Mimi nililetwa hapa Luba ametoka tu kuachishwa ziwa. Wiki mbili baada ya harusi yangu Azumi akamsukumia mlangoni pangu kama mtu anayerudisha ungo wa kuazima. "Chukua hiki," akasema. "Kinanisumbua."

Nikakichukua. Tumbo langu halikushika kitu mwaka ule, wala uliofuata, wala mpaka leo, lakini mgongo wangu ulibeba mtoto. Nilimsuka, nikamfundisha kusonga tuwo, ugali wetu, nikamtetea alipovunja chungu cha baba yake. Aliniita mama mdogo mbele za watu, na utotoni, tukiwa wawili, mama. Alipopata surua, Azumi alisimama nje ya dirisha langu siku tatu akipepeta uwele. Uwele wenyewe ulikuwa umeshapepetwa. Nilimwambia, "Dada Azumi, ingia umwone." Akaniuliza, "Nimwone nani?" Kisha akaendelea kupepeta hewa.

Luba aliolewa, na mimba ya kwanza ilipofika miezi saba akarudi kwetu kujifungulia, kama ilivyo desturi. Akazaa mvulana mwezi wa upepo wa vumbi, ule unaopasua midomo na kuwapandisha waogeshaji bei. Siku ya saba mume wetu Malam Barau alichinja kondoo, mtoto akaitwa Mukhtari. Azumi aliagiza kuni mkokoteni mzima. Nilimwona akizichagua moja moja, anagonga, anasikiliza, anatupa yenye unyevu. Nikamtania, "Dada, unampikia mzazi au unampika?"

"Funga domo lako, Delu. Huyu haingiliwi na baridi."

Wiki ya tatu Luba akaanza kuvimba. Kwanza nyayo, ukibonyeza kidole shimo halirudi, halafu magoti. Azumi akazidisha kuni. Kikafuata kikohozi, kile cha kukohoa ukijilaza tu, ukiinuka kinaacha. Azumi akazidisha magadi. Nikaingia asubuhi moja kumpelekea mtoto, nikamkuta ameketi kitako juu ya kitanda cha makaa, mikono ameshikilia magoti, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Umelala hivyo?"

"Nikilala chali nazama, mama mdogo," akasema. "Nazama kwenye nchi kavu."

Nilitoka mbio. Azumi alikuwa jikoni anakoroga uji. "Dada, Luba anakufa!"

"Ni baridi. Maji ya jana hayakufika."

"Maji ya jana yaling'oa rangi ya ndoo! Hapumui yule!"

"Wewe umeogesha wazazi wangapi?" akaniuliza bila kugeuka. Nikaona sina wa kubishana naye, nikaenda kwa Malam Barau, nikapiga magoti, nikaomba ruhusa ya hospitali. Mzee akanitazama, akasikiliza kikohozi kikipenya ukuta, akanyanyuka kutafuta gari.

Daktari alikuwa mwanamke wa kabila letu, Dokta Hanne, mdogo kuliko hata mimi, mwenye sauti ya kuchoka. Alimwekea Luba hewa ya mtungi, akamchoma sindano ya kutoa maji, akampitisha kwenye mashine inayoonyesha moyo. Sisi wawili akatuita pembeni. Akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuvimba baada ya kuzaa.

"Mama yangu," Azumi akasema. "Alikufa kwa baridi."

Dokta akaliandika hilo kwenye karatasi yake.

"Mama, si baridi," akasema. "Moyo umejengwa kwa chembe ndogo sana, tunaziita seli. Kila seli ina vipokezi juu yake. Hivyo ndivyo masikio yake; kwavyo inasikia amri za homoni. Mwanamke akizaa, kuna homoni inatoka kichwani inayaamrisha matiti, toeni maziwa. Hiyo ni kheri. Ila kwa baadhi ya wazazi homoni ile hukatika, na kipande chake kinakwenda kwenye vijishipa vya moyo. Vijishipa vikipokea, vinaumia, na vinapelekea seli za moyo ujumbe mbaya. Ndani panawaka, kama kidonda kinavyowaka, ila hiki hukioni. Moyo unalegea na kutanuka kama kiriba kilichochoka. Hausukumi tena, basi maji yanajaa mapafuni."

Azumi alikuwa amekunja uso. "Yaani maziwa ndiyo yanayomuua? Maziwa aliyoyaweka Mungu?"

"Si maziwa, mama. Ni ile amri ya maziwa."

"Mimi nimezaa saba, nikanyonyesha saba. Moyo wangu unatwanga kama kinu. Mbona haukuwaka?"

"Sijui," akasema Dokta Hanne. "Hata walimu wetu hawajajua sawasawa kwa nini huyu na si yule."

"Umesikia, Delu?" Azumi akanigeukia, na nikaona jinsi alivyolidaka neno lile. "Hajui."

Dokta hakukasirika. Akasema magadi ni chumvi, na chumvi hushika maji mwilini. Akasema maji ya moto na kitanda cha makaa havikuuwasha moto ule, ila vinaukimbiza moyo ambao hata kutembea hauwezi. Kwa hiyo magadi marufuku, makaa marufuku, maji ya kuoga yawe ya kawaida. Vidonge vya kutoa maji, vidonge vya moyo, na kimoja kidogo cheupe cha kukausha maziwa, kila siku bila kuruka. Mtoto apewe maziwa ya kopo.

Luba akauliza kitandani, kwa sauti ndogo, "Nikifanya hayo yote nitapona?"

"Wengi wanaofuata wanapona. Nipe miezi sita." Kisha akasema, "Ukivunja, sina la kukuahidi."

Siku ya kumi na moja tangu alazwe tulirudi naye nyumbani. Miguu imekuwa miguu tena, mifupa ya vifundo inaonekana. Alilala chali chumbani kwangu, nami nikakaa mlangoni namtazama kifua kikipanda na kushuka, nikimshukuru Mungu kama mjinga.

Hapo ndipo ndimi za watu zilipoanza. Mzazi hajatimiza arubaini na haogeshwi! Binti wa Azumi, wa Azumi mwenyewe! Jirani mmoja alisimama ukumbini akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kwani kuni zimekwisha Zaria?" Wateja wawili wakatafuta mwogeshaji mwingine. Na Mukhtari maziwa ya kopo yakamharisha, akawa mwembamba, analia kilio cha paka. Kila akilia Azumi alisimama. Nilimwona anasimama, anakaa, anasimama.

"Mtoto afe ili mama aishi?" akaniambia. "Ndiyo dawa hiyo?"

"Mtoto atalizoea kopo. Watoto wanalizoea."

"Umewaona wapi wakizoea?"

Siku chache baadaye niliona Mukhtari amenyamaza. Nikafurahi. Halafu nikaona kanga ya Luba ina alama mbili za maji kifuani, na nikajua. Asubuhi iliyofuata nilijibanza nyuma ya pazia. Azumi alimpa mwanawe vidonge kimoja kimoja, na kile cheupe kidogo akakibana kiganjani, akatoka, akakifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Malam Barau alipokwenda msikitini adhuhuri, moshi ukapanda kwenye kibanda cha kuogea.

Nilimkuta anabeba chungu. "Dada Azumi, weka chini chungu hicho."

"Nipishe."

"Nitamwambia Malam. Nitakwenda mwenyewe kwa yule daktari."

Akatua chungu. Akanitazama, si kwa hasira, wallahi heri ingekuwa hasira. "Utasema kwa mdomo gani, Delu? Titi lako halijatoa tone. Utasimama mbele ya watu wewe, mke mdogo, tasa, useme mjukuu wangu akatwe maziwa? Unajua watakuitaje? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Alinipata. Maana ni kweli, kwetu neno la mke mwenza juu ya mtoto wa mwenzake haliaminiki. Ukisema usimwogeshe, unamtakia baridi. Ukisema asinyonyeshe, umetumwa na wivu. Na mtoto akifa kesho umemroga. Nilijiona nimesimama mbele ya mtaa mzima na lile jina la tasa linatoka kila mlango. Nikapisha.

Lakini nilimwendea Luba. Nilimkuta anamnyonyesha, amefumba macho, mtoto anagugumia. Nikamwambia, "Mwanangu, unajua kwamba kidonge kimoja hupewi?"

"Najua."

"Na unajua alichosema daktari?"

"Najua, mama mdogo. Lakini usiseme." Akafumbua macho. "Kule kibandani ananiosha mwenyewe. Ananishika kichwa hivi, ananisugua mgongo kwa mkono wake. Jana alinisuka nywele. Mle ndani hakuna watu, basi haya haimwoni. Miaka kumi na tisa hajanigusa, mama mdogo. Niache arubaini yangu iishe."

Mimi niliyemsuka miaka yote hiyo nilisikia wivu ukinichoma, ndiyo, nakiri, palepale pamoja na hofu. Sijui ni lipi lililonifunga mdomo. Labda yote mawili. Siku tisa nilinyamaza. Mtoto akanenepa, majirani wakasifu, jirani yule wa kuni akaleta kuku. Na mimi kila asubuhi nilibonyeza kifundo cha mguu wa Luba kwa kidole nikijifanya namkanda. Siku ya saba kidole changu kiliacha shimo.

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nachambua ndago za kula uani nikamsikia Luba kibandani. "Mama, basi. Yanatosha."

"Vumilia kidogo. Bado mgongo."

"Mama, basi."

Kisha kitu kizito kikaanguka, na chungu kikavunjika. Nilipoingia mvuke ulikuwa mzito sioni mkono wangu. Azumi alikuwa amepiga magoti kwenye maji yanayotokota, hasikii kama yanamuunguza, amemkumbatia Luba kutoka nyuma akijaribu kumkalisha kitako. Alikuwa anasema, "Kaa, kaa upumue, kaa." Luba alikuwa anatoa povu la rangi ya waridi mdomoni, macho yanatafuta dari.

Tulimfikisha hospitali akiwa bado na joto, lakini ni joto la maji tu. Dokta Hanne alimhangaikia muda mrefu kuliko alivyolazimika. Alipoacha, aliniuliza mimi, si Azumi, "Alikuwa anameza zote?"

Nikafungua mdomo. Hata wakati ule sikuweza. Azumi ndiye aliyevuta kitambaa kichwani, mbele ya wanaume, akabaki na nywele zake za mvi wazi, yeye mwenye haya za kugawa. Akafungua fundo. Vidonge kumi na viwili vyeupe vikamwagika kwenye meza. Dokta akavitazama, akanyoosha mkono, akaufunga mkono wa Azumi ndani ya wake. Afadhali angetutukana.

Kuna watu waliosema tumlete mwosha maiti wa mtaa wa pili. Azumi akakataa. "Mwosha ni mimi," akasema. Wanawake wakatazamana, maana mama haoshi mtoto wake wa kwanza. Hata kumlilia kwa sauti haimpasi. Lakini nani angemzuia? Nikaingia naye, na wanawake wengine wawili wa ukoo. Luba alikuwa amelazwa juu ya ubao, chali, ametulia chali kama mtu asiye na shida yoyote. Maji yalikuwa yamepashwa kidogo, vuguvugu, kama inavyotakiwa.

Azumi akatia kiganja. "Ya moto," akasema. "Tieni baridi."

Wakatia kata moja. Akatia kiganja tena. "Ya moto."

"Dada, si ya moto," nikamwambia. "Yako sawa."

"Ya moto, Delu! Tia baridi!"

Nikaenda kisimani, nikateka mwenyewe, maji ya mwezi wa vumbi yanayouma mifupa. Nikamimina. Akatia mkono, ule wenye makovu mpaka kiwikoni, na juu ya makovu malengelenge mapya ya jana. "Bado," akasema. Nikateka tena. Mara ya nne vidole vyetu sote wawili vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya ndoo, na wale wanawake wawili walikuwa wanalia bila kujificha.

Hapo ndipo alipochota. Akaweka mkono wa kushoto chini ya kichwa cha mwanawe, taratibu, kama alivyofanya kule kibandani, akamwagia kwenye paji la uso.

"Luba," akasema. Mmoja wa wale wanawake akashtuka, akaziba mdomo. "Luba, mwanangu. Si ya moto haya. Sikia, Luba, si ya moto."